Walioamini Bila Kuijua Kesho

Tarehe 4 Februari 1886 msafara uliochoka uliingia Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa. Mbele alitangulia mtu aliyebeba bendera ya buluu yenye neno moja la herufi nyeupe: Ikabodi. Wakristo wa Rabai hawakuhitaji kuelezwa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, ndilo jina ambalo mama mmoja, akiwa anakata roho, alimpa mwanawe mchanga baada ya kusikia kwamba sanduku la agano limetekwa na mumewe amekufa vitani. Utukufu umeondoka.

Msafara huo uliondoka hapohapo Rabai Julai 1885, wapagazi wapatao 200, ukimsindikiza Askofu James Hannington kwenda Buganda. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, pamoja na karibu wote katika watu 50 hivi aliotangulia nao. Waliobaki nyuma, kwenye kituo cha Kwa Sundu, Mumias ya leo, walingoja wiki kadhaa mpaka manusura wachache walipofika na habari. Aliyewaongoza kurudi pwani ni shemasi William Jones. Huyu aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa India, akasomeshwa Nasik, kisha akarejeshwa Mombasa mwaka 1864. Ushemasi aliupokea mikononi mwa Hannington mwenyewe, Mei 1885. Hata mwaka haukupita, akawa anatembea mamia ya maili nyuma ya bendera ya msiba.

Na huko alikorudi hakukuwa na raha. Rabai ya miaka hiyo ilijaa watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misioni. Mabwana zao walidai warudishwe, na sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mabwana. Wazungu wa misioni walivutana wao kwa wao: kuwapokea ni kuvunja sheria ya nchi, kuwafukuza ni kuikana Injili waliyokuja kuihubiri. Jones, mtumwa wa zamani, ndiye aliyekaa na watu hao, akawafundisha, akawafungisha ndoa, akawazika. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala pwani iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misioni wakapewa hati za uhuru. Lakini mwaka 1886 nani alijua? Watu wale walijenga nyumba na kuwapeleka watoto shule huku wakijua kwamba asubuhi yoyote wangeweza kuamkia kamba shingoni.

Nimeanza na Rabai kwa makusudi. Simulizi zetu za imani hupenda kuanzia mwisho. Tunajua utumwa ulikwisha, tunajua kanisa lilikua, basi tunawasimulia wa kale kana kwamba nao walijua, kana kwamba Mungu aliwanong'oneza tarehe. Hawakujua lolote. Ukiusoma Ukristo wa Afrika Mashariki kutoka pale walipokuwa wamesimama wao, unakuta watu waliokuwa wakifanya kazi za miaka mingi na hawana hakika hata ya wiki ijayo.

Mfano wa kwanza kabisa uko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine aliyekuwa mjamzito. Julai mwaka huohuo homa ilimuua Rosine, na siku chache baadaye akafa mtoto mchanga. Krapf naye alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa hiyohiyo. Barua aliyowaandikia waliomtuma imekuwa maarufu: aliwaambia kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani hii, na kwamba hiyo ni alama kuwa kazi imeanza. Mtu anaweza kuisoma barua ile akaona ukatili ndani yake, na mimi simlaumu anayeiona hivyo. Lakini mwezi mmoja kabla ya msiba huo Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na baada ya mazishi aliirudia kazi ile. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Waongofu aliowaona kwa macho yake walihesabika kwa vidole. Mwenzake Johannes Rebmann alikaa pwani kuanzia 1846 hadi 1875, akarudi kwao karibu kipofu. Kwa vipimo vya wafadhili wa siku hizi, mradi wa Rabai ungefungwa mapema sana.

Unguja mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wake. Edward Steere, askofu aliyelisimamia jengo hilo, amezikwa humo nyuma ya altare. Wageni wanaokwenda kupiga picha kwenye kanisa hilo, Mkunazini, husimuliwa habari zake kwa urefu. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akalelewa na misioni hapo Unguja, akapewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi yake Chitangali, kusini mwa Tanganyika, anasimuliwa kwa nadra. Ningependa iwe kinyume chake.

Buganda ndiko hoja hii inakoonekana kwa uwazi zaidi, na ndiko tunakoisimulia vibaya zaidi. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hujaa Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na kinachokumbukwa ni moto uliomchoma Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Mashahidi wa Buganda kwa jumla wanahesabiwa 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki kuwa watakatifu Oktoba 1964. Moto tunaukumbuka. Tunachokisahau ni miaka mitatu iliyoutangulia.

Novemba 1882 Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliokuwa wamefika mwaka 1879 tu, waliona hatari ikizidi katika jumba la Kabaka Mutesa, wakafunga virago na kuhamia kusini ya Ziwa Viktoria. Waliacha kundi dogo la wabatizwa na wanafunzi wa dini. Hakuna padri, hakuna misa, hakuna ahadi kwamba watarudi. Waliporudi Julai 1885 walikuta idadi ya waliokuwa wakijifunza imekuwa kubwa kuliko walivyoiacha. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwafundisha vijana wa ikulu. Matiya Mulumba alifundisha watu wa Mityana, na alipoondoka jumuiya ile ikaangukia mikononi mwa mfinyanzi aitwaye Nowa Mawaggali. Tumtazame huyu kidogo. Alikuwa fundi wa vyungu, hana daraja la kanisa. Watu walikusanyika kwake kusali na kukumbushana mafundisho waliyoyapata zamani. Kwa Waanglikana nao hali ilikuwa hiyohiyo: mwaka 1885, hatari ilipokaribia, waliunda baraza la wazee wenyeji ili kanisa lisife iwapo Wazungu wangeuawa au kufukuzwa. Wengi wao walianza kusoma Injili kwa Kiswahili, kwa vitabu vilivyotoka Unguja kwa Steere, maana vya Kiganda vilikuwa bado.

Mawaggali aliuawa kwa mkuki Mei 31, 1886. Ushahidi wake tunauheshimu. Lakini mimi navutiwa zaidi na miaka ile ya kimya, mfinyanzi akiendesha sala bila kujua kama padri atarudi, na bila mtu wa kumwambia kwamba anafanya vizuri.

Hali hiyo ilijirudia kwa upana zaidi vita vilipoingia Tanganyika mwaka 1914. Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza, wakawaweka kizuizini hadi Wabelgiji walipoiteka Tabora mwaka 1916. Walimu na mapadri Waafrika wa misioni ya Kiingereza walifungwa pia, wakapigwa, wakituhumiwa ujasusi. Kisha mambo yakageuka: Waingereza waliposhinda, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, hata Kilimanjaro, ambako Bruno Gutmann wa Moshi alifukuzwa 1920 asirudi hadi 1925. Pande zote mbili za vita, sharika zilibaki kwa walimu wenyeji. Wanaume walikuwa wamechukuliwa upagazi na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Majeshi yalikomba nafaka na mifugo. Ugogo iliingia katika njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, na homa ya mafua ya 1918 ikamalizia. Katika mazingira hayo mwalimu wa kijiji, mwenye elimu ya madarasa machache na mshahara uliokwisha kukatika, alipiga kengele Jumapili. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba hapo ndipo kanisa la Tanganyika lilipoanza kuwa la wenyeji. Halikupangwa na bodi yoyote ya Ulaya. Ingekuwa kwa hiari ya bodi hizo, lingesubiri sana.

Upande wa Kongo kuna kisa kinachostahili kutajwa hapa japo kwa ufupi. Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa Nkamba kwa miezi michache tu mwaka 1921. Wabelgiji wakamhukumu kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humohumo Oktoba 1951. Kanisa la wafuasi wake lilitambuliwa kisheria Desemba 1959, miaka minane baadaye. Hakuliona.

Uamsho wa Walokole ulianza kwa watu wawili waliochoka. Septemba 1929 Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikuja Kampala akiwa amevunjika moyo baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ya kiroho kama yeye. Wakasoma na kusali pamoja kwa siku kadhaa. Kutoka hapo Uamsho ulienea Uganda, Burundi, Kenya na hadi Buhaya. Alama zake zinajulikana: kuungama hadharani, kurudisha kilichoibwa, kuitana ndugu bila kujali kabila wala rangi. Walokole walikuwa na udhaifu wao, na waliopata kuhukumiwa nao wanaujua. Uhuru wa kutubu mbele za watu hugeuka haraka kuwa lazima. Hata hivyo, kuitana ndugu kulikuja kupimwa.

Kipimo kilikuja Kenya, Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Katika nchi ya Wakikuyu kila mtu alitakiwa achague. Wapiganaji wa Mau Mau walidai kiapo, na madai yao ya ardhi yalikuwa ya haki, hilo liwekwe wazi. Serikali ya kikoloni ilidai watu wabebe bunduki za askari wa nyumbani, nayo ilinyonga watu zaidi ya 1,000 na kuwafunga makambini wengine wengi mno. Walokole wengi walikataa kiapo, na wengi wao wakaikataa bunduki pia. Waliuawa na wapiganaji wakiitwa wasaliti, na serikali haikuwaamini. Kukaa katikati hivyo hakukuwa na mwisho mzuri unaoonekana kutoka upande wowote.

Kumbukumbu yao iko Murang'a, zamani Fort Hall, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo lililojengwa kuwakumbuka. Ndani yake kuna michoro mitano mikubwa ya ukutani, iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya hamsini na Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Alichora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wote ni Waafrika, na milima na mabonde ni ya pale pale nje ya kanisa. Mama aliyefiwa na mwanawe, alipokwenda ibada, alimkuta Mariamu aliyefanana naye. Ajabu ni kwamba kazi hiyo ilifanywa wakati mambo ya Kenya hayajatulia, na aliyeifanya alikuwa Mchaga, Mlutheri kwa malezi, akiwachorea Wakikuyu Waanglikana.

Miaka ishirini hivi baadaye, Namirembe tena. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji na uporaji. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala, na redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Hakuna aliyeamini. Kanisa lilichimba kaburi Namirembe, kando ya kaburi la Hannington, yule askofu aliyeuawa Busoga. Serikali ikakataa kuutoa mwili. Ukapelekwa na wanajeshi Mucwini, kwao Acholi, ukazikwa huko. Jumapili watu walijaa kanisani hata hivyo, ibada ilipokwisha wakatoka wakalizunguka shimo tupu. Askofu mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ambayo malaika waliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka, penye kaburi jingine lisilo na mtu. Watu wakaanza kuimba.

Amin alianguka Aprili 1979. Ni rahisi kuishia hapo na kuona kwamba kaburi tupu lilijibiwa. Lakini baada ya Amin ilikuja vita ya Luwero, kisha kuanzia 1986 vita ya kaskazini iliyowateketeza Waacholi, watu wa Luwum, kwa miaka karibu ishirini. Walioimba Namirembe hawakuimba kwa sababu walijua Amin ataondoka. Na kama wangeonyeshwa yaliyokuwa yakija baada yake, sijui wangeimba nini.

Halafu 1994. Hapa mwandishi yeyote wa kanisa anayetaja matumaini anapaswa kupunguza sauti. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, nchi ya Gahini ile ile, na watu walichinjwa makanisani walikokimbilia: Nyamata, Ntarama, na kwingineko kwingi. Viongozi wa makanisa walikuwa wamekaa karibu mno na meza ya watawala. Huko Nyange, Aprili 1994, kanisa la parokia lilibomolewa kwa mabuldoza likiwa na watu wapatao 2,000 ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Hakuna tafsiri ya imani inayoweza kulilainisha jambo hilo.

Lakini ni Nyange hiyohiyo, Machi 1997, ambako waasi waliingia usiku katika shule ya sekondari, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Wakasema wao ni Wanyarwanda. Waasi wakawarushia risasi na mabomu, baadhi wakafa. Rwanda imewaweka katika daraja la mashujaa wake liitwalo Imena. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Aprili, jambo lile lile lilitokea Burundi katika seminari ndogo ya Buta. Vijana waliamriwa watengane, wakashikana, 40 wakauawa. Walikuwa wanafunzi wa sekondari. Hawakuwa na mpango wa amani wala nadharia ya upatanisho, na hawakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba kukataa kwao kutabadilisha vita vya nchi mbili.

Kinyume cha watu hawa kipo pia katika historia yetu, na kimeua wengi. Kanungu, magharibi mwa Uganda, kundi moja liliwaahidi wafuasi wake kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikwisha. Machi 17, 2000, mamia waliteketea katika jengo lililofungwa. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kuna pia zile ahadi za upole zaidi. Mwaka 2011 foleni za magari zilienea kwa kilomita kadhaa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Yule mchungaji mstaafu hakuwa tapeli wa kujitajirisha, bei yake inaonyesha, lakini walikuwepo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe. Siku hizi mabango ya mijini yanakupa mwezi wa kuolewa na mwezi wa kupata visa. Wote hawa wanauza kitu kimoja, yaani kesho iliyokwisha kuandikwa. Paulo aliwaambia Warumi kwamba mtu hakitumaini kile anachokiona tayari, na kwa kipimo chake wauzaji hao hawana cha kumpa mtu anayetumaini.

Miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, nyumba 10 au 15 zinazokutana kila wiki. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, ya Amin, ya bei ya mafuta kupanda, na mapadri walikuwa wachache. Kwa namna fulani waliugeuza mtindo wa Mawaggali kuwa sera. Ukienda leo katika jumuiya ya Mbagala au ya Kisumu huwezi kusikia hotuba kuhusu wakati ujao. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana kazi ndiye anayesoma somo kwa sababu anasoma vizuri. Mwenyekiti anauliza nani ameenda kumwona mgonjwa. Mtunza hazina anataja waliochanga na, kwa adabu, wasiochanga. Kuna ubishi kuhusu sare za kanga za jubilei. Halafu wanapanga zamu ya nyumba itakayopokea Jumamosi ijayo, na mara nyingi mwenye nyumba hiyo huanza kulalamika papo hapo kwamba hana viti vya kutosha.